Kuandaa Opera Nyepesi na Kikundi cha Mtaani: Mwongozo kwa Waimbaji wa Uganda

Waimbaji Uganda si haba. Karibu kila aliyesoma shule hapa amepitia mashindano ya MDD, yaani muziki, ngoma na maigizo, na Jumapili makanisa yamejaa kwaya za sauti nne. Hata mchezo wa kuimbwa si mgeni kwetu. Byron Kawadwa, aliyekuwa akiongoza National Theatre ya Kampala hadi alipouawa mwaka 1977 enzi za Idi Amin, alitunga michezo ya aina hiyo kwa Kiganda, na watu walijaa kumtazama. Kilicho adimu ni kikundi cha mtaani, cha watu wenye kazi zao za mchana, kinachokutana jioni na kuiandaa opera nyepesi mpaka ikafika jukwaani.

Opera nyepesi ni mchezo wa kuchekesha ambao sehemu kubwa yake huimbwa. Hadithi yake ni fupi, nyimbo zake hushikika upesi, na waimbaji wake hawahitaji koo la kupasua kioo. Huko Uingereza kuna vikundi vingi vya walimu, wauguzi na makarani ambavyo kila mwaka hutoa kazi moja ya W. S. Gilbert, mtunzi wa maneno, na Arthur Sullivan, mtunzi wa muziki. Naona jambo hilo linafaa kuigwa, ila liigwe kwa akili. Mifano yangu inatoka Jinja, hasa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda ambako Msoga, Mwalur na Mteso wakikutana kwenye chai huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo tutaimba Kiswahili.

Hatua ya kwanza: chagueni kazi ndogo

Vikundi vingi hufa hapa. Mtu ameona opera kubwa kwenye YouTube, yenye meli jukwaani na waimbaji sitini, basi anataka hiyo hiyo. Mwambieni asubiri.

Kwa mara ya kwanza napendekeza Trial by Jury, yaani kesi mbele ya jopo, ya Gilbert na Sullivan. Ina tendo moja tu na huchukua kama dakika 40. Haina hata neno moja la kuongea, kwa hiyo hamtahangaika na waimbaji wasioweza kuigiza mazungumzo. Mandhari yake ni mahakama, na mahakama unaweza kuijenga kwa meza, mabenchi na kiti kirefu. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza London, tarehe 25 Machi 1875, ilikuwa kipande cha kufungia usiku baada ya kazi iliyo ndefu kuliko hiyo, ya mtunzi Jacques Offenbach. Na nyinyi pia mtahitaji kitu cha kujaza nusu ya kwanza. Wekeni nyimbo za kwaya, vichekesho viwili vitatu, au watoto wa shule ya jirani na ngoma yao ya MDD. Wazazi wao watanunua tiketi.

Kisa chenyewe ni hiki. Edwin alimwahidi Angelina ndoa, kisha akamkimbia. Angelina anakwenda mahakamani kudai fidia, tena anaingia amevaa shela na wapambe nyuma yake. Wazee 12 wa jopo, raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, ambao jana walikuwa wahuni kama Edwin, wanampenda Angelina papo hapo. Jaji naye anasimulia bila haya jinsi alivyopanda cheo kwa kumchumbia binti wa wakili tajiri, kisha akamtema. Edwin anasema yuko tayari kumwoa Angelina leo na yule mchumba wake mpya kesho. Mabishano hayaishi, na mwishowe jaji anachoka na kuamua kumwoa Angelina yeye mwenyewe.

Kwa Uganda kisa hiki hakijazeeka. Uingereza ilifuta kesi za aina hii mwaka 1970, lakini hapa zimesikilizwa hata miaka ya karibuni. Kule Kanungu mahakama iliwahi kumwamuru mchumba aliyeghairi alipe mamilioni ya shilingi, na nchi nzima ikawa na la kusema. Pale Edwin anapotaka wake wawili, wakili wa Angelina anashtuka kana kwamba ametajiwa wizi wa kuvunja nyumba. Kwetu, ambako jirani yako Mwislamu anaweza kuwa na wake wawili kihalali, ukumbi utacheka kwa sababu tofauti na zile za London. Msijaribu kulizuia hilo. Kitu kimoja tu kinahitaji maelezo: mahakama zetu hazina jopo la aina hiyo. Andikeni sentensi mbili kwenye karatasi ya ratiba, yatosha.

Kuhusu haki za watunzi, sheria ya Uganda ya mwaka 2006 hulinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sullivan alikufa mwaka 1900 na Gilbert mwaka 1911, kwa hiyo hamtamlipa mtu. Noti za kinanda na sauti zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP. Mkitaka mchezo wa kisasa wa Broadway, hayo ni mambo mengine: kuna leseni na kuna malipo kwa dola.

Hatua ya pili: kwaya kwanza, nyota baadaye

Katika opera za namna hii kwaya haikai nyuma kama pazia. Katika Trial by Jury iko jukwaani karibu mwanzo hadi mwisho, inajibu, inakejeli, inabadili upande. Mkiwa na Angelina mzuri na kwaya dhaifu, mchezo utalala. Mkiwa na kwaya kali na Angelina wa wastani, watu watarudi mwakani. Kwa hiyo kusanyeni watu 20 hadi 30 na muimbe pamoja wiki tatu kabla ya kutaja nani atakuwa nani.

Watafuteni kwenye kwaya za makanisa, lakini msiishie hapo. Vijana wa kaswida wana pumzi ndefu na matamshi safi ya Kiswahili, na kikundi chenye Wakristo peke yao mtaani Walukuba kitakuwa kimejinyima. Ila mkishakuwa na mchanganyiko huo, mazoezi ya Ijumaa mchana yafutwe, na Ramadhani iingie kwenye kalenda tangu siku ya kwanza.

Sauti ya tatu, yaani tenor, sauti ya juu ya wanaume, ndiyo itakayowasumbua. Wanaume wengi hudhani wao ni besi kwa sababu hawajawahi kusukumwa juu. Wapimeni mmoja mmoja, faraghani, kwa kupanda ngazi ya do re mi taratibu. Anayefika juu bila kukaza shingo mpelekeni sauti ya tatu, hata akinung'unika.

Majaribio ya wahusika yawe mbele ya watu watatu, na mmoja wao asiwe na ndugu kikundini. Jaji, wakili na askari wa mahakama wanahitaji uchekeshaji kuliko sauti. Edwin na Angelina wanahitaji sauti. Na kila mhusika awe na mtu wa akiba anayejua nyimbo zake, maana malaria haiulizi tarehe ya onyesho.

Hatua ya tatu: maneno ya Kiswahili

Hapa pana kazi nzito kuliko zote, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Msimpe mtu mmoja kamusi na kumwambia atafsiri. Kaeni watatu: anayejua Kiingereza vizuri, mwenye Kiswahili cha kutunga mashairi, na mwalimu wa kwaya mwenye kinanda.

Mshairi atafurahi tangu mwanzo, kwa sababu wimbo wa kufungulia una mistari ya mizani nane, sawasawa na kipande cha shairi letu. Lakini mizani nane hazitoshi. Katika shairi la kughani unahesabu tu. Katika muziki wa Sullivan pigo zito linaangukia mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, na Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo viwili lazima vikutane. Tazameni mstari huu kuhusu umati wa watu:

Ukumbi umefurika

Una mizani nane kamili, ila uimbeni: pigo zito linashuka kwenye "mbi", na msikilizaji anasikia "ukumBI", kama mgeni anayejifunza lugha. Wekeni huu badala yake:

Watu tele barazani

Wa, te, ba, za. Kila pigo limekaa mahali pake. Ubeti mzima wa mwanzo unaweza kuwa hivi:

Saa nne imegonga,
Na mioyo inadunda,
Watu tele barazani,
Hofu imetanda.

Mstari wa nne una noti tano tu, na Kiingereza kinaufunga kwa silabi moja nzito. Maneno yetu mengi hayaishi hivyo. Dawa ni kuipasua noti ya mwisho mara mbili, yaani noti ndefu moja iwe mbili fupi, na "ta-nda" ikaingia bila kusukumwa. Fanyeni hivyo kila mwisho wa namna hiyo, mkiandika kwa penseli kwenye nakala ya kila mtu. Mpiga kinanda habadilishi chochote.

Jihadharini pia na ile "n" ya kwanza katika "nne". Ni silabi kamili, lakini ni ya mdomo uliofungwa, na kwaya nzima ikiishika kwa noti ndefu mtasikia nyuki. Hapa imekaa kwenye noti fupi, inapita. Maneno kama "mtu", "mchumba" na "nchi" yasiwekwe kamwe pale sauti inapotakiwa kupaa. Juu kabisa wekeni a au o.

Wimbo wa jaji ndio utakaowatoa jasho. Ni wa maneno mengi yanayokwenda mbio, na maneno yetu ni marefu. Msijaribu kusema kila alichosema Gilbert. Chukueni wazo moja kwa kila mistari miwili, mengine yaacheni. Kama mstari mmoja umegoma kabisa, chekesheni kwa kitu cha hapa: jaji anaweza kuwa alianza kazi kwa kugonga mihuri Busia mpakani. Ila msimtaje mtu halisi. Kesi ya mchezo isije ikazaa kesi ya kweli.

Hatua ya nne: ala

Okestra hamna, na hamuihitaji. Kinanda cha umeme chenye nafasi ya betri, na mpigaji anayesoma noti, vinatosha. Piano ya zamani iliyoko ukumbini msiiamini hadi mmeigusa yote. Piano isiyosawazishwa miaka mingi hushuka sauti, na kwaya iliyofanya mazoezi na kinanda cha umeme itajikuta imeimba nusu sauti chini.

Wengine watataka adungu, kinubi cha asili cha Waalur, na mimi niko upande wao, kwa sharti moja. Adungu za siku hizi hufungwa kwa ngazi moja ya do re mi, na seti nzima, kutoka ndogo hadi ile kubwa ya besi, huimba vizuri ndani ya ngazi hiyo tu, yaani ufunguo huo mmoja. Sullivan naye hupenda kuhama ufunguo katikati ya wimbo, na hapo adungu hubaki nyuma. Kwa hiyo chagueni nyimbo mbili tatu zisizohama, ziwe za adungu, zilizobaki ziwe za kinanda. Ngoma iwepo mara moja tu, jaji anapoingia. Ikipigwa kila mahali itameza maneno.

Wengi wetu husoma tonik solfa na si mistari mitano. Mwalimu wa kwaya aandike sauti zote nne kwa solfa mapema. Ni kazi ya majuma, apewe muda na posho.

Hatua ya tano: karatasi na pesa

Anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Barua yake ndiyo inayofungua milango mingine, pamoja na kusajili kikundi kama jumuiya ya kijamii kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba fupi na majina ya viongozi. Polisi wajulishwe kwa maandishi.

Uganda ina sheria ya michezo ya jukwaani na burudani za hadhara iliyobaki tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo ulizeni vibali wilayani mapema, mkiwa na nakala ya maneno yote ya Kiswahili mkononi. Si jambo la kupuuza: mwaka 2012 mtayarishaji Mwingereza alikamatwa Kampala kwa kuonyesha mchezo ambao Baraza la Vyombo vya Habari lilikuwa halijauruhusu.

Pesa zisiingie kwenye simu binafsi ya mweka hazina, hata akiwa mtakatifu. Laini ya mobile money iwe ya kikundi, na kila Jumamosi hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote. Bei ya tiketi hupatikana hivi: jumlisha gharama zote, gawanya kwa nusu ya viti vya ukumbi. Mkiuza zaidi ya nusu, ni faida. Matangazo kwenye karatasi ya ratiba huuzika kirahisi kuliko udhamini mkubwa. Mwenye duka la dawa na fundi wa simu watalipa kuona majina yao, wakati kampuni kubwa itawapa ahadi na fulana.

Hatua ya sita: mazoezi

Wiki 14 zinatosha, mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Wiki tano za mwanzo ni kuimba tu, watu wakiwa wamekaa. Wiki tano zinazofuata ni kutembea na kuimba. Zilizobaki ni kurudia kazi nzima bila kusimama, hata mambo yakiharibika.

Chora jukwaa sakafuni kwa utepe tangu wiki ya sita, kwa vipimo vya ukumbi halisi. Vinginevyo wazee 12 wa jopo watajifunza kukaa kwenye nafasi ya mita sita, kisha wafike jukwaani wakute mita tatu na nusu, na benchi la wapambe limo humo humo.

Kila mwanakwaya awe mtu. Mpeni jina, kazi, na sababu ya kuja mahakamani siku hiyo: huyu ni shangazi wa Angelina, yule anauza chapati nje ya lango, huyu mwingine anamdai Edwin pesa. Kwaya iliyosimama kama mstari wa parade huua ucheshi wote.

Nakala ziwekwe chini kufikia wiki ya tisa. Baada ya hapo mtu mmoja akae pembeni na maneno, amkumbushe anayesahau. Na mgawe rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, au chai na mandazi wakati wa mapumziko. Utashangaa mahudhurio yanavyopanda.

Hatua ya saba: mavazi

Msikodi kutoka mbali. Wazee wa jopo wavae kanzu na koti, wanawake wa barazani gomesi, na hayo yote yako makabatini mwa wanakikundi. Shela la Angelina liazimwe kwa aliyeolewa karibuni, au litafutwe kwenye mitumba ya Owino mtu akienda Kampala. Joho la jaji ni kitambaa chekundu na fundi wa mtaani.

Wigi ndilo linalotengenezwa. Pika uji mzito wa wanga wa muhogo. Vuta pamba iwe utepe mrefu wa upana wa kidole, ichovye, izungushie penseli iliyopakwa mafuta, acha ikauke kivulini hadi iwe ngumu, kisha chomoa penseli. Shona mikunjo hiyo safu kwa safu juu ya kofia iliyokatwa kwenye soksi ya nailoni, ukianzia chini kwenye shingo na kupanda. Safu za juu zifunike mishono ya chini. Jaji asilivae mpaka mazoezi ya mwisho, kwa sababu jasho hulainisha wanga.

Hatua ya nane: ukumbi na siku yenyewe

Ukumbi mwingi una paa la mabati, na mvua ya Jinja haina subira. Ikianza kupiga mabati, hata kwaya ya watu mia haisikiki. Epukeni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Hata nje ya miezi hiyo, kubalianeni mapema ni nani atakayetoa ishara ya kusimama. Jukwaa zima ligande, mvua ipite, muanzie mwanzo wa wimbo. Watu hupenda hilo, mradi lionekane limepangwa.

Vipaza sauti vya kushika mkononi sivitaki. Mwimbaji anageuka kuwa mshereheshaji wa harusi, mkono mmoja umefungwa, uso umefichwa. Kama ukumbi ni mkubwa, tundikeni viwili juu ya ukingo wa jukwaa. Jenereta iwe imejazwa mafuta na iwashwe nusu saa kabla, mbali na madirisha, na taa zisitegemee umeme wa ukutani peke yake.

Jumapili saa kumi alasiri ndiyo saa nzuri: ibada zimekwisha, na watu watapata boda kurudi nyumbani kabla giza halijakolea. Kwenye tangazo andikeni saa tisa na nusu. Walio na desturi ya kuchelewa watakuwa wamefika, na waliowahi watasikiliza adungu.

Mezani mlangoni wakae wawili, mmoja wa pesa taslimu na mmoja wa simu. Ukumbi ukijaa msiongeze viti kwenye njia za kutokea.

Baada ya onyesho

Usiku ule ule rudisheni viti, fagieni ukumbi, mkabidhi ufunguo. Kanzu na gomesi zilizoazimwa zifuliwe na kupigwa pasi kabla hazijarudi kwa wenyewe. Ndani ya wiki moja hesabu isomwe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kiko kwenye laini gani. Aliyeandika solfa alipwe kwanza, halafu mpiga kinanda, kisha mwenye jenereta. Nakala zote zenye maneno ya Kiswahili zikusanywe na kuhesabiwa, maana kikundi cha Iganga au Mbale kitakuja kuziomba, na mnaweza kuzikodisha kwa bei ya karatasi na nauli.

Mazoezi ya kazi inayofuata yaanze mwezi mmoja baadaye, si zaidi, kabla sauti ya tatu hawajajiunga na kwaya nyingine.